Magoti Yanatetemeka Hatari Ikishapita

Haya wapendwa, kapu la maswali limefurika, na safari hii karibu wote mnauliza jambo moja kwa sura tofauti: mbona mwili unafanya mambo bila kuniuliza mwenyewe? Nakumbusha tu kwamba mimi ni mwalimu wa saikolojia, si daktari, anayeumwa aende kituo cha afya asisubiri gazeti litoke. Ninachoweza ni kuwaeleza jinsi ubongo, mishipa ya fahamu na tezi vinavyopokezana kazi mpaka unajikuta umeogopa, umekasirika au umelowana jasho. Tuanze na kijana wa boda maana swali lake limebeba mengi.

Shikamoo Mwalimu. Naendesha boda hapa Morogoro. Juzi usiku fuso lilikata kona bila indiketa, nikafunga breki nikaitupa pikipiki pembeni, mimi na abiria wangu tukabaki wazima. Cha ajabu wakati ule sikuogopa hata chembe, ila nilipokaa chini magoti yakaanza kutetemeka, nikashindwa hata kushika kiberiti, na usiku kucha sikulala. Hatari si ilishapita, sasa mwili ulikuwa unaogopa nini tena?

Marahaba kijana wangu, pole na hongera kwa hizo breki. Mwili una njia mbili za kupeleka habari na hazina mwendo mmoja, shida yako yote iko hapo. Mishipa ya fahamu ni kama mtu anayekunong'oneza sikioni, anamwambia mmoja tu, anamwambia sasa hivi, akinyamaza amenyamaza. Homoni ni kama lile gari la matangazo lenye spika juu, linapita mtaa mzima, kila mtu analisikia ila anayetoka nje ni yule linayemhusu. Damu ndiyo barabara yake, na anayehusika ni seli yenye kipokezi cha homoni hiyo, asiye nacho gari litapita mlangoni kwake mara mia na hatageuza shingo.

Sasa rudi kwenye ile kona. Taa za fuso zimeingia machoni, habari ikafika kwenye amigdala, kijisehemu cha ubongo chenye umbo la lozi, amigdala ikaishtua haipothalamasi iliyo chini kabisa ya ubongo, na hapo mishipa ya dharura ikaamka. Mkono ukabana breki kabla wewe hujapata nafasi ya kujiambia "naogopa". Hayo yote ni chini ya sekunde moja, ndio mnong'ono.

Lakini mishipa hiyohiyo inashuka mpaka kwenye tezi mbili zinazokaa juu ya figo kama kofia, tezi za adrenali. Kiini cha tezi hiyo asili yake ni jamaa wa mishipa ya fahamu, ni kama mshipa ulioacha kunong'ona ukaenda kukodi gari la matangazo, unamwaga adrenalini moja kwa moja kwenye damu. Moyo unaongeza mwendo, ini linafungua stoo ya sukari, damu inapunguzwa tumboni na kwenye ngozi inapelekwa kwenye misuli, mate yanakauka. Mwili umeshakutayarishia mbio za kuokoa roho, we umekaa kwenye kalavati. Misuli imejazwa mafuta, imeambiwa kimbia, na haina pa kukimbilia, lazima itetemeke!

Adrenalini yenyewe haikai, kila dakika 2 au 3 nusu yake inakuwa imeshaondolewa kwenye damu, ila kila unapoitazama ile pikipiki au kumsimulia mtu "lilipita hapaaa" unamwaga nyingine. Halafu kuna gari la pili, la polepole. Haipothalamasi inatuma homoni kwa pituitari, tezi ya ukubwa wa punje ya njegere inayoning'inia chini yake, pituitari inatuma yake mpaka kwenye ganda la nje la zile tezi za juu ya figo, na ganda linatoa kotisoli. Hii inafika kilele kama dakika 20 mpaka 30 baada ya mshtuko, na inashuka taratibu, nusu yake inachukua saa moja na zaidi. Kwa hiyo wakati abiria wako ameshafika kwake anasimulia, kotisoli yako ndo kwanza iko juu, kazi yake mojawapo ni kukuweka macho, na kichwani fuso linapita tena na tena kila ukifumba jicho. Ungelalaje?

Aliyeyafuatilia haya mapema ni Walter Cannon wa chuo cha Harvard, Marekani. Mwaka 1911 yeye na mwenzake walimweka paka mbele ya mbwa anayebweka, wakapima damu ya paka kabla na baada, wakakuta adrenalini imeingia baada ya ile kelele. Mwaka 1915 akaandika kitabu kizima juu ya maumivu, njaa, woga na hasira, na ile kauli ya "pigana au kimbia" inatoka kwake. Paka yule kabla ya hapo sidhani kama aliulizwa.

Mwalimu, sisi wafugaji huku Shinyanga dume likiwa korofi tunalihasi, linakuwa maksai linalima kwa adabu. Naomba kuuliza, korodani ziko huko nyuma, ukorofi uko kichwani, zinawasiliana vipi?

Mzee wangu, swali lako liliulizwa Ujerumani mwaka 1849 na aliyejibu alitumia majogoo. Arnold Berthold, mjini Göttingen, alichukua majogoo wachanga 6 akawahasi. Wawili akawaacha hivyohivyo, wakanenepa, undu ukasinyaa, hawana habari na mitetea wala ugomvi. Waliobaki aliwarudishia korodani lakini siyo mahali pake, alizipandikiza tumboni katikati ya matumbo, wengine akawapa hata za mwenzao. Hawa wakakua majogoo kamili, wanawika, wanapigana, undu mwekundu. Alipowapasua akakuta korodani imeshikana na mishipa ya damu mipya ila mshipa wa fahamu wa zamani haupo, ulishakatwa. Maana yake ni kwamba korodani haina waya kwenda kichwani, inatia kitu kwenye damu, damu inakipeleka. Hata jina homoni halikuwepo bado, lilikuja mwaka 1905 kwa Ernest Starling wa London, analitoa kwenye Kigiriki, maana yake ni kuchochea.

Na ili usidhani mishipa ya fahamu ni umeme mtupu kama nyaya za Tanesco, yuko Otto Loewi wa Graz, Austria. Mwenyewe anasimulia aliota jaribio usiku, akaamka akaliandika kwenye karatasi, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, safari hii hakuandika chochote, akaenda maabara saa tisa usiku hiyohiyo. Akachukua mioyo miwili ya chura inayodunda kwenye maji ya chumvi. Wa kwanza akausisimua mshipa wake wa vagasi, moyo ukapunguza mwendo, halafu yale maji akayahamishia kwa moyo wa pili ambao hakuugusa, nao ukapunguza mwendo. Kumbe ncha ya mshipa inatema dawa! Alichapisha mwaka 1921, na mwaka 1936 akapewa Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza. Dawa yenyewe ni asetilikolini.

Kwa hiyo mzee, ukihasi dume hujagusa ubongo wake, umezima kituo kilichokuwa kinautangazia kila siku. Ila dume lililohasiwa likiwa zima kabisa na limeshazoea ubabe linaweza kubaki na vijitabia vyake, nadhani hilo unalijua kuliko mimi.

Niaje Mwalimu. Niko Nairobi, nauza kwa duka la vitambaa. Bosi wangu kazi yake ni kugombeza tu, asubuhi mpaka jioni. Hata Jumapili nikiwa kwa nyumba simu ikilia tumbo inakatika. Nashikwa na homa kila mara na presha imepanda, nina miaka 29 pekee. Beste yangu anasema stresi haiwezi ua mtu. Ni ukweli?

Poa sana ndugu yangu. Huyo beste wako mwambie aende Maasai Mara akawaulize nyani. Sitanii. Robert Sapolsky, profesa wa chuo cha Stanford, alianza kuwafuatilia nyani wa huko mwaka 1978 akawa anarudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20. Kwa nini nyani? Kwa sababu nyani wa Mara chakula anapata kwa saa chache tu, simba hawamsumbui sana, siku nzima inabaki ya kufanyiana visa wenyewe kwa wenyewe. Kama dukani kwenu tu.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Alikuwa anapuliza kijimshale cha dawa ya usingizi kwa mrija, na lazima nyani awe ametazama upande mwingine, asiwe ametoka kupigana, asiwe mgonjwa, na iwe saa ileile kila siku kwa sababu kotisoli iko juu asubuhi na inashuka mpaka usiku. Akishalala damu itolewe harakaharaka kabla mshtuko wa mshale haujaharibu hesabu. Ndio ile habari ya dakika tuliyosema kwa kijana wa Morogoro, ukichelewa unapima mshale hupimi maisha ya nyani.

Alichokuta ni kwamba pale ambapo kila mmoja anajua nani mkubwa, madume ya chini kwenye ngazi yana kotisoli nyingi hata wakiwa wamepumzika, presha zao ziko juu, kinga imedorora. Na kituko ni hiki, hatari ya kweli ikitokea hao hao wa chini kotisoli yao inapanda kwa kusuasua, kama mtu aliyechoka kupigiwa kengele. Siyo wote lakini. Dume mwenye marafiki, anayekaa na majike na watoto wanatoana chawa, kotisoli yake ilikuwa chini kuliko ya mwenzake mpweke. Na siku ngazi ikitikisika, wakubwa wakawa wanapinduana, ni hao wakubwa sasa wanaougua.

Kwa nini kotisoli ikikaa sana inaleta maradhi? Kwa sababu ni homoni ya dharura. Inafungua sukari iende kwenye misuli na inasimamisha yanayoweza kusubiri, kinga, uzazi, kukarabati tishu. Ni sawa na familia inayokimbia mafuriko, hakuna anayepaka rangi ukuta siku hiyo, ila ukikimbia mafuriko miaka mitatu nyumba itakuangukia yenyewe. Kwa kawaida iko breki, kotisoli yenyewe inarudi kwenye ubongo kuuambia inatosha. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake New York walionyesha kwamba sehemu inayoidaka sana homoni ya aina hii ni hipokampasi, tena ndio sehemu ya kumbukumbu, na hipokampasi ikipigwa na stresi muda mrefu inalegea kazi zote mbili, kukumbuka na kupiga breki.

Sasa ngoja nikumalizie hadithi maana ni tamu. Miaka ya 80 madume wakali wa kundi moja walikuwa wanavuka kwenda kupigania takataka za loji ya watalii, wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Karibu nusu ya madume yote ya kundi yakaondoka, na yaliyoondoka ni yale makorofi maana wapole hawakwenda kugombania jalala. Kundi likatulia, wakawa wanachambuana chawa zaidi ya zamani na vipigo kwa wanyonge vikapungua. Zaidi ya miaka 10 baadaye wale madume wapole nao hawakuwepo tena, wameingia vijana wageni kutoka makundi mengine, na bado upole uliendelea, wageni wanajifunza tabia za wenyeji, na wale wa chini hawakuonyesha zile dalili za stresi kwenye damu. Sapolsky na Lisa Share waliyachapisha mwaka 2004.

Kwa hiyo ndugu yangu stresi haiui kwa siku moja kama fuso. Presha ya miaka 29 usiichezee, kapime tena na umwambie daktari habari ya kazi, asikupe vidonge tu. Bosi huwezi kumlisha takataka za loji. Ila watu wa kutoana chawa unaweza kuwatafuta, na jioni simu izime kabisa.

Mwalimu mimi ni mama wa watoto wawili, Njombe. Tangu mwezi wa tatu moyo unaenda mbio hata nikilala, nakula sana lakini nakonda, mikono inatetemeka, nasikia joto wakati wenzangu wako kwenye blanketi, hasira usiseme. Mama mkwe kanipeleka kwa mtaalamu, akasema nina pepo la baharini. Njombe na bahari wapi na wapi?

Dada umenichekesha mwishoni ila mengine yote si ya kucheka. Nenda hospitali wiki hii, waambie unaomba kipimo cha damu cha homoni za thairoidi, tezi iliyo mbele ya koo. Siwezi kukuambia ndiyo au hapana kwa gazeti, lakini ulichokiandika ndicho wanachosoma madaktari vitabuni kuhusu tezi iliyozidisha kazi. Homoni yake inauchochea mwili uunguze chakula haraka na inaufanya moyo uisikie adrenalini ndogo kama kubwa, ndio maana unajisikia kama mtu anayefukuzwa na hakuna anayekufukuza. Na kumbuka hesabu za mwanzo, adrenalini inapungua nusu kwa dakika chache, kotisoli kwa saa, thairoksini, yaani hiyo homoni ya thairoidi, inachukua kama wiki nzima, kwa hiyo hata dawa ukianza usitegemee utulivu kesho yake.

Tezi ikilala usingizi mambo yanageuka, mtu anasikia baridi, ananenepa, anasahau, ana huzuni isiyo na kisa, majirani wanamwita mvivu. Huko nyanda zenu za juu kusini goita, ule uvimbe wa tezi shingoni, mnaijua toka enzi za mabibi kwa sababu udongo hauna madini joto ya kutosha, na kisiwani Idjwi kwenye Ziwa Kivu, upande wa Kongo, ilizidi zaidi kwa sababu ya mihogo isiyolowekwa vizuri, ile sumu yake inaizuia tezi kuchukua hata kidogo kilichopo. Hiyo ni habari ya upungufu, yako inaonekana upande wa pili, lakini chumvi yenye madini joto isikosekane kwa watoto na ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, jua na unyevu vinayaondoa.

Habari Mwalimu, nauza samaki Feri, nimejifungua miezi miwili. Mtoto wa mteja akilia, wala si wangu, maziwa yananitoka nalowana gauni mbele za watu! Ni kawaida?

Kawaida kabisa mama, hongera. Hapo unaona mshipa na homoni wakiwa kitu kimoja. Kuna seli za fahamu kwenye haipothalamasi ambazo mikia yao imeshuka mpaka nyuma ya pituitari, na badala ya kumnong'oneza jirani zinamwaga oksitosini kwenye damu, inafika kwenye titi inaminya vifuko vya maziwa. Mtoto akinyonya zinafanya hivyo, na ubongo ukishazoea, kilio tu kinatosha, hauulizi hati ya kuzaliwa. Ila woga na maumivu vinaizuia, kwa hiyo siku ya ugomvi na mgambo usishangae mwanao akivuta na hapati, kaa pembeni utulie kwanza. Weka vitambaa viwili ndani ya sidiria na kanga juu, biashara iendelee.

Mwalimu, niko fomu foo Tabora. Nilisoma vizuri, mtihani wa moku nikafungua karatasi nikabung'aa, kichwa cheupe. Nilipotoka mlangoni tu majibu yote haya hapa. Nifanyeje?

Majibu yalikuwepo, ila mlango ulifungwa. Ukipatwa na hofu kali, nora-adrenalini, ndugu wa adrenalini, inazidi kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kufikiri, ikawa kelele tupu, na kotisoli nayo inazuia hipokampasi kutoa kilichohifadhiwa. Jaribu hiki leo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upate mapigo, vuta pumzi polepole, utasikia mapigo yanakimbia kidogo, halafu toa pumzi taratibu sana, utasikia yanapunguza. Anayepunguza ni vagasi, mshipa uleule wa chura wa Loewi. Kwenye chumba cha mtihani kabla hujafungua karatasi toa pumzi ndefu namna hiyo mara kama kumi, kisha anza na swali unalolijua hata kama ni la mwisho. Na fanya mitihani mingi ya majaribio kwa saa ya kweli, ubongo uuzoee ukimya wa chumba.

Nikigonga kidole cha mguu kwenye stuli, kwanza nasikia "paa!" halafu kimya kidogo, halafu ndo maumivu yenyewe yanakuja. Kwa nini yanakuja mara mbili? (Mdadisi, Tanga)

Yanasafiri kwa mishipa miwili tofauti. Maumivu makali ya kwanza yanapanda kwenye nyuzi zilizovikwa ala ya mafuta, zinaenda mita 5 mpaka 30 kwa sekunde. Yale mazito ya baadaye yanapanda kwenye nyuzi nyembamba zisizo na ala, kama mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na mzigo. Kutoka kidoleni mpaka kichwani wewe una mita moja na nusu hivi, piga hesabu mwenyewe, ndio ule ukimya. Nyuzi za mguso nazo zina kasi kuliko zote hizo, na mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, mguso ukiwahi kupita unayabania maumivu nyuma yake. Ndiyo maana mkono wako unakimbilia kusugua kidole kabla hujamaliza kuitukana stuli.